Nguo Tisa za Njano

Suruali yangu ya kijivu iko kwa fundi cherehani tangu mwezi wa pili. Nilimpelekea abadilishe zipu tu. Tunagawana kibaraza kimoja, yeye na cherehani yake upande wa kulia, mimi na viatu vyangu upande wa kushoto, na ukuta kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwitikia bila kupaza sauti. Kwa hiyo suruali naiona kila siku asubuhi, imetundikwa kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni. Naisalimia, naenda zangu kwenye gundi.

Jina lake la kuzaliwa hatulitumii. Mtaa mzima unamwita Sasahivi, kwa sababu ndilo jibu analompa kila mteja. Nguo imechelewa wiki, sasa hivi. Imechelewa mwezi, sasa hivi. Watu wasiomjua humwita mwongo, na hapo mimi huwakatalia. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Mwongo anaujua ukweli halafu anauficha, lakini huyu mama akisema sasa hivi anakuwa anaiona kabisa ile nguo kichwani mwake, imepigwa pasi, imekunjwa. Kilichobaki anaona ni uzi tu. Kwake ahadi si deni, ni salamu.

Na wateja hawamkimbii, maana nguo yake ikitoka, imetoka. Kola inakaa shingoni, pindo halipandi wala halishuki. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu, "Haraka haraka haina baraka," na mteja akianza kufoka, anayaonyesha hayo maandishi kwa ncha ya chaki bila kuinua macho. Mteja anasonya, anaondoka, anarudi wiki ijayo. Hapa mtaani kupigwa kalenda na Sasahivi ni kama kunyeshewa. Hakuna anayeshangaa.

Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu. Tunamwona mara moja kwa mwezi, na akija hulala. Wana mtoto mmoja, msichana, ambaye mimi ndiye niliyempa jina la Pindo, kwa sababu alipokuwa akitambaa alikuwa akining'inia kwenye pindo za wateja wakati wanapimwa. Pindo amekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Watoto wengine hulala huku redio inasema. Yeye alilala huku mama yake anawaambia watu sasa hivi.

Alipotimiza miaka mitano aliomba sherehe ya kuzaliwa. Mama yake akasema mwakani. Alipotimiza sita ilikuwa msimu wa sare za shule, ikawa mwakani tena. Alipotimiza saba aliulizia, lakini kwa sauti ile ambayo mimi huulizia suruali yangu.

Mwaka huu hakuuliza kitu. Siku zikakaribia, mtoto kimya, anafanya kazi zake za shule chini ya meza. Siku moja Sasahivi akasimamisha mguu kwenye cherehani, akaniita kupitia ukutani.

"Kaka."

"Naam."

"Pindo mwaka huu hajaniulizia sherehe."

"Labda amekua."

"Mtoto wa miaka minane hakui hivyo," akasema. "Ameshanizoea kama mlivyonizoea ninyi. Nataka mara moja tu anione nimesema na nimefanya. Mara moja, kaka. Ninyi wengine endeleeni kuniita mnavyoniita."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema jambo kama hilo. Nilimwambia nitamwazima benchi langu la wateja.

Sherehe ikapangwa Jumamosi, saa nane mchana, palepale dukani kwake. Wakaalikwa wasichana tisa wa darasa la Pindo. Kadi aliandika Pindo mwenyewe kwa penseli, na chini ya kila kadi akaongeza jambo alilobuni yeye: wote wavae njano. Mama yake akaliona zuri. Hakuliona zaidi ya hapo. Lakini nguo ya njano si kitu ambacho kila mtoto anacho kabatini, na mtaani kwetu anayeshona nguo za watoto ni mmoja. Ndani ya siku nne akina mama wote tisa walikuwa wamepita hapo kibarazani na kitambaa cha njano kwapani na mtoto mkononi.

"Lini?" akauliza mama wa duka la dawa, ambaye duka lake linatazamana na letu na ana ulimi wa kuweza kuuliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa hii hii tunayoijua?"

"Jamani, mwenye sherehe ni mwanangu. Nitachelewesha vipi?"

Likaingia akilini kwa kila mtu. Hata mimi liliniingia.

Tatizo ni kwamba alianza na nguo ya Pindo. Alikata kola yake mara tatu. Aliishona mikono, akaifumua, akaishona upya, kiuno akakitia mikunjo midogo midogo kumi na minane, naijua idadi kwa sababu aliihesabu kwa sauti. Ilipofika Ijumaa jioni nguo hiyo moja ilikuwa imekamilika, na kusema kweli sijawahi kuona nguo ya mtoto iliyoshonwa vile. Zile tisa zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba ukutani, zimekatwa na kuungwaungwa kwa uzi mweupe. Tatu hazikuwa na mikono. Zipu haikuwa nayo hata moja. Kila nguo ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kama kawaida yake: jina, vipimo, na mstari wa siku ya kuchukua, ambao huwa hauandikwi kitu.

Jumamosi asubuhi akina mama wakaanza kuja. Akawaambia saa sita. Saa sita wakarudi watatu, wakamkuta amepanda kwenye kigoda anafunga maputo.

"Sasa hivi," akawaambia. "Si mnaniona nina shughuli?"

Wakatazamana, wakaenda. Mimi nilikuwa nimeshika soli kwa mkono mmoja na gundi kwa mwingine. Niliona kabisa mahali jambo lile linapoelekea. Mdomo ukafunguka, nikaufunga, nikabandika soli.

Dada yake mkubwa alishafika na keki tangu saa tano. Ni mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache na viatu vya ngozi vinavyotunzwa. Meza ya kukatia ikatandikwa shuka jeupe. Juu yake keki, soda, sahani za biskuti, vikombe kumi. Sanamu ya kuvalishia nguo ikafungwa puto shingoni. Saa nane kasoro Pindo akavalishwa ile nguo, akaketishwa kwenye ncha ya benchi langu, mikono juu ya magoti, ameinyoosha shingo asiikunje kola.

Saa nane ikafika. Ikawa na robo, ikawa na nusu. Barabarani alipita muuza ndoo, wakapita mbwa wawili. Baba wa Pindo akapiga simu kutoka huko aliko kuuliza kama wageni wamefika, Sasahivi akamwambia ndio wanaingia.

Saa tisa Pindo akauliza, "Watakuja lini?"

"Sasa hivi, mwanangu."

Pindo akamtazama mama yake vizuri, bila hasira yoyote.

"Sasa hivi ya kweli, au ya wateja?"

Mkunga akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikakumbuka kuna kiatu nakitafuta. Sasahivi alirekebisha puto lililokuwa sawa, akamvuta dada yake nje hadi kibarazani nilipokuwa, ambako mtoto asingemsikia, na hapo ndipo hasira ilipomtoka.

"Watu tisa! Tisa, dada! Hata mmoja wa kuleta udhuru hakuna? Hata wa kutuma mtoto aseme tunaumwa? Nimewapimia watoto wao hawa tangu wako kwenye nepi. Nakwenda mlango kwa mlango, mmoja mmoja, aniambie usoni mwanangu amemkosea nini."

"Huendi," akasema mkunga.

"Kwa nini nisiende?"

"Mgeni asiyekuja haulizwi siku ile ile. Unakata keki, unakula na waliopo. Kesho ukikutana naye, wewe ndiye unayeanza kumsalimia. Kama ana sababu, ataisema. Kama hana, ile salamu itamtosha."

"Na huyu mtoto?"

"Mtoto unamwambia kitu ulichokiona, basi. Walioalikwa hawajafika. Humwambii hawampendi, kwa sababu hujui. Humwambii wanakuja, kwa sababu hilo nalo hulijui."

"Wewe, dada, umezoea kungoja."

"Nimengoja watoto miaka thelathini na minne," akasema mkunga. "Tofauti ni kwamba wale wangu hawakuwa na budi kutoka."

Nilicheka peke yangu. Sasahivi alishashuka ngazi. Mkunga akanigeukia: "Fundi, mfuate. Huyu akifika peke yake atayamwaga, na yakimwagika hayazoleki."

Nikamfuata, aproni ya gundi kiunoni. Alianza na lililo karibu, duka la dawa. Familia inaishi nyuma ya duka, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, nilimsikia akiyajaribu chini kwa chini.

Kwenye kigoda katikati ya chumba alikaa binti wa muuza dawa. Nywele zimesukwa, utepe wa njano kila upande. Soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Viatu vyeusi vinang'aa, nilivipiga rangi mimi mwenyewe Alhamisi. Mapajani ameshika zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Na mwilini amevaa shumizi nyeupe tu, basi.

"Aa, karibuni!" mama yake akainuka kwa furaha. "Imeisha?"

Sasahivi alimtazama mtoto kuanzia utepe hadi viatu.

"Nini imeisha?" akasema mwishoni.

"Nguo. Si mmeileta?"

"Nimekuja kuuliza kwa nini hamkuja kwenye sherehe."

"Kwani imeanza?" Mama wa duka la dawa alishangaa kikweli. Alinitazama mimi, kama kwamba labda nitasema ni mzaha. "Imeanzaje, na nguo zote tisa ziko kwako? Tumepigiana simu hapa tangu saa saba. Tukasema, mwenye sherehe ndiye mwenye nguo. Kama nguo hazijaisha, basi na sherehe haijafika. Tutaitwa tu. Wewe tunakujua, dada yangu."

Alisema hilo bila hila. Angekuwa anamsuta ingekuwa nafuu.

"Si angekuja na nguo yoyote?"

"Kadi imesema njano. Nimlete na bluu, awe peke yake kwenye picha za watu? Ungesema sina adabu."

Na ni kweli angesema. Binti akauliza kutoka kwenye kigoda, "Pindo amekasirika?" Sasahivi akamwekea mkono begani, dole gumba na kidole cha kati vikajipanga vyenyewe kama anavyopima, halafu akauondoa.

Tulivuka barabara kurudi. Katikati akasimama. "Kaka, ulijua?"

"Nilijua nguo hazijaisha. Hata wewe ulijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nakuambia habari ya suruali huu mwezi wa saba," nikasema. Lilikuwa jibu la haki, na papo hapo niliona haya kulisema. Ningeweza kufungua mdomo saa sita mchana nikiwa na soli mkononi. Sikufungua kwa sababu nilitaka kuona Sasahivi akikamatwa japo mara moja, na sikumfikiria aliyeketi kwenye ncha ya benchi.

Dukani, benchi lilikuwa tupu. Pindo alikuwa chini ya meza ya kukatia, nyuma ya lile shuka jeupe, amevaa gauni lake la nyumbani. Keki haikuguswa. Na kwenye kamba ukutani, mwisho wa safu ya zile nguo tisa, palikuwa na ya kumi, imetundikwa vizuri kwa mabega yake, na kikaratasi kimebanwa kwa pini kifuani. Aliandika kama mama yake anavyoandika. Jina: Pindo. Vipimo aliviweka vyote, anavijua. Kisha mstari wa siku ya kuchukua, mtupu.

"Sikumzuia," akasema mkunga. "Sikuona ningemwambia nini."

Sasahivi akapiga magoti, akainua shuka. "Mbona umeivua, mama?"

"Itakunjamana. Nitaivaa wakija."

"Wanakuja sa..."

Akalimeza. Nililiona linapita kooni. Akainuka, akaenda kwenye kamba, akaanza kuzigusa zile nguo moja moja, ananong'ona: zipu, zipu na mikono, zipu, pindo na zipu. Ilichukua muda mrefu. Sikuwahi kumwona akiitazama kazi yake iliyobaki. Siku zote alikuwa anatazama iliyokwisha.

"Kesho saa tisa," akasema. "Saba zitakuwa tayari. Mbili hazitaisha. Hao wenye hizo mbili nitakwenda mwenyewe kuwaambia waje na nguo nyingine yoyote, na kosa ni langu."

Pindo akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama wateja wanavyoitikia.

Jioni ile kabla jua halijazama alizunguka nyumba zote tisa, na safari hii dada yake hakumkataza. Mkunga aliketi kushona vifungo, akisema amewahi kushona vigumu zaidi ya hivyo na mwenyewe anapiga kelele. Mimi nilipewa pasi. Jumapili saa saba mchana, zilizokamilika zilikuwa sita, si saba. Sasahivi alisimama akaitazama ile ya saba, haina mkono mmoja, halafu akajifunga kanga, akaenda hadi nyumba ya mwenye nguo kumwambia kabla ya saa kufika. Alirudi amechoka sana, nadhani kwa kusema tu.

Saa tisa kasoro robo akaishusha nguo ya Pindo kwenye kamba, akaipiga pasi upya, akaishika kwa mabega.

"Njoo nikuvalishe."

"Bado."

"Wenzako wanakuja."

"Nitawaona," akasema Pindo.

Akatoka akakaa kwenye benchi langu kibarazani, na gauni lake la nyumbani na kandambili, uso barabarani. Mama yake akamfuata, akasimama mlangoni nyuma yake, nguo imelazwa mikononi. Mimi nilikuwa nagonga kisigino cha mtu, nikaacha.

Saa tisa ikafika, barabara tupu. Ikapita dakika moja, zikapita tano. Nikamtupia jicho Sasahivi. Uso aliokuwa nao naujua, nimeuona kibarazani pale miaka kumi na moja kwa watu wengine: mtu amesimama, hajui kama agombe au abembeleze, na cha kufanya hana.

Kisha mlango wa duka la dawa ukafunguka, likatoka gauni la njano. Pindo akasimama. Hakupunga mkono. Alimwacha mwenzake avuke barabara yote, apande ngazi ya kwanza na ya pili, aseme hodi. Ndipo akageuka na kumnyooshea mama yake mikono yote miwili juu, avalishwe.